Herufi Mbili Ubaoni: Fred Risser na Miaka 64 ya Ubunge Wisconsin

(Mhadhara kwa wanafunzi wa sayansi ya siasa, Dodoma. Umeandikwa kama ulivyotolewa. Salamu ndefu za mwanzo zimepunguzwa.)

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, habari za mchana. Najua baada ya wali wa saa saba macho huwa mazito, kwa hiyo tuanze na kazi. Naandika ubaoni: FEDHA HIZI ZISITUMIKE KULIPA POSHO. Tuseme bunge limeipitisha sentensi hiyo, kura zimehesabiwa, mjadala umefungwa. Sasa namtaka mtu mmoja aje na dasta. Dada wa mbele, karibu. Huruhusiwi kuandika chochote. Ni kufuta tu, na usifute zaidi ya herufi mbili.

Haya. Amefuta S na I. Tusomee kwa sauti.

"Fedha hizi zitumike kulipa posho." (Kicheko.)

Mnacheka, lakini huko ninakotaka kuwapeleka leo, gavana aliwahi kuufanya mchezo huu akiwa ofisini kwake, na mahakama ikasema ni halali. Wenzetu Kiingereza chao kiliwalazimu kufuta zaidi kidogo. Kiswahili kingempa gavana kazi nyepesi mno. Na mtu niliyekuja kumzungumzia aligombana na dasta hiyo kwa miaka mingi, bungeni na mahakamani, chini ya magavana wa chama pinzani na wa chama chake mwenyewe.

Anaitwa Fred Risser. Kabla sijaendelea, neno "jimbo" linatusumbua. Hapa kwetu mbunge wa jimbo ni mbunge wa Kongwa au wa Mtera. Marekani jimbo ni karibu nchi ndani ya nchi: lina katiba yake, mahakama yake ya juu, gavana wake, na bunge lake lenye mabaraza mawili. Nikisema jimbo leo nina maana ya Wisconsin yote, kule kaskazini kwenye maziwa na ng'ombe wa maziwa. Sehemu anayoiwakilisha mjumbe nitaiita eneo, tuelewane.

Risser alizaliwa Mei 1927 mjini Madison, makao makuu ya Wisconsin. Alikuwa mwanamaji mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia, akasoma sheria, akarudi nyumbani kufanya uwakili. Mwaka 1956, akiwa na miaka 29, alichaguliwa kuingia baraza la chini la bunge la jimbo, na Januari 1957 akaketi kitini. Muupime mwaka huo kwa kipimo chetu. Tanganyika ilikuwa bado chini ya Waingereza, na ndio mwaka Mwalimu Nyerere alioteuliwa kuingia LEGCO, baraza la kutunga sheria la wakoloni, akajiuzulu Desemba alipoona hakuna kinachosogea. Risser yeye hakujiuzulu. Mwaka 1962 Seneta Horace Wilkie wa eneo la 26 alikwenda kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo, kiti kikabaki wazi, Risser akakigombea na kukipata. Alikiacha tarehe 4 Januari 2021.

Hiyo ni miaka 64. Marais 12 wa Marekani, kuanzia Eisenhower mpaka Trump wa awamu ya kwanza. Magavana 13. Mkongwe kuliko wote wa Bunge la Marekani kule Washington, John Dingell wa Michigan, alikaa miaka 59 na kidogo. Katika mabunge ya majimbo hakuna aliyemfikia Risser, na alipoondoka alikuwa askari wa mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia aliyebaki katika bunge lolote la jimbo.

Mtaniuliza: kiti cha ukoo? Kwa namna fulani ndiyo, ila kwa namna ya ajabu. Baba wa babu yake, Clement Warner, aliupoteza mkono katika vita vya wenyewe kwa wenyewe akipigana upande wa Muungano, kisha akawa mjumbe wa bunge lile lile. Babu yake, Ernest Warner, alikuwa mjumbe pia, wa Republican. Baba yake, Fred E. Risser, alikuwa seneta wa Progressive, chama cha Wisconsin kilichoanzishwa na wana wa La Follette, aliyekuwa gavana na seneta wa huko, mwaka 1934 na kuvunjwa mwaka 1946. Mtoto akawa wa Democratic. Vizazi vinne katika bunge moja, na kadi ya chama ikibadilika njiani. Kwetu mtoto wa mbunge akihamia chama kingine tunaitisha kikao cha ukoo.

Sasa jambo ambalo wasifu mwingi wa magazeti hulipita haraka. Tunaposikia mtu amekaa bungeni miaka 64 tunadhani amekaa madarakani miaka 64. Hapana. Chama chake hakikuwahi kuwa na wengi katika Seneti ya Wisconsin tangu karne ya 19 mpaka uchaguzi wa 1974. Kwa hiyo kijana aliyeingia Seneti mwaka 1962 alikaa miaka 12 na ushei akisikia ile sauti mnayoijua, "walioafiki wameshinda", na hakuwa miongoni mwa walioafiki. Miswada yake ilikuwa inakwenda kamatini kulala.

Mtu wa namna hiyo ana njia mbili. Moja ni kupiga kelele apate kuandikwa magazetini. Nyingine ni kukaa chini ausome mtambo: nani anapanga orodha ya shughuli, hoja gani inatangulia nyingine, akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa ukumbini, ni wangapi kwa muswada wa aina gani. Risser aliishika ya pili. Ilipofika 1979 wananchi wa Wisconsin walibadili katiba yao. Kabla ya hapo Seneti iliongozwa na luteni gavana, mtu wa serikali, kama vile hapa Waziri Mkuu angekalia kiti cha Spika. Baada ya mabadiliko, maseneta walianza kumchagua rais wa Seneti miongoni mwao, na wa kwanza kuishika nyundo ya kuongoza kikao kwa utaratibu huo alikuwa Risser. Aliishika miaka mingi kuliko mtu yeyote mwingine katika historia ya jimbo, lakini si kwa mfululizo. Ilikuwa inaondoka na kurudi.

Mara mbili ilirudishwa na mji mmoja, na hiki ni kisa ninachokipenda. Racine ni mji wa viwanda kando ya Ziwa Michigan. Oktoba 1995 Seneti ilikuwa inajadili kodi ya kujenga uwanja mpya wa besiboli Milwaukee. Ilikuwa kodi ndogo ya mauzo, senti 1 katika kila dola 10, lakini ilitozwa wilaya tano, na Racine ikiwamo. Seneta wa Racine, George Petak wa Republican, alikuwa amewaambia watu wake kwamba hataiunga mkono ikiwa wao wamo. Kikao kikaenda mpaka alfajiri, na kabla hakujakucha Petak akabadili kura yake. Uwanja ukapita. Watu wa Racine hawakusubiri uchaguzi mkuu. Katiba yao inaruhusu wananchi kukusanya saini na kumrudisha mjumbe kwenye sanduku la kura kabla muda wake haujaisha. Juni 1996 wakamwondoa. Kiti kimoja kile kikageuza hesabu ya Seneti nzima, na nyundo ikarudi kwa Risser, ambaye kwenye ugomvi wa Racine hakuwa na mkono wowote.

Mwaka 2012, eneo lile lile la Racine, seneta mwingine wa Republican akaondolewa kwa utaratibu ule ule, safari hii kwa tofauti ya kura zisizofika 1,000. Risser akawa tena rais wa Seneti, miaka 85. Na kwa bahati mbaya yake, mpaka muhula unamalizika Januari iliyofuata Seneti haikuitwa kikaoni. Alipewa nyundo, hakupewa meza ya kuigonga.

Turudi kwa dada na dasta yake.

Tangu 1930 katiba ya Wisconsin inamruhusu gavana kuukubali muswada wa matumizi ya fedha wote "au sehemu yake". Kwetu Rais akiukataa muswada anaurudisha bungeni na sababu zake, mzima mzima. Kenya vilevile, unarudi na waraka wa maoni. Wisconsin waliweka neno "sehemu" na hawakusema sehemu ni nini. Aya? Sentensi? Neno? Gavana Tommy Thompson, katika bajeti ya 1987, akaamua kwamba sehemu ni hata herufi. Akapitisha kalamu mara 290. Kulikuwa na kifungu kuhusu watoto wanaoshikiliwa rumande, wasizidishe saa 48. Kwa kufutafuta herufi na kubakiza anazozitaka, gavana akakitoa kifungu hicho kikisema siku kumi. Hakuna mjumbe hata mmoja aliyepigia kura siku kumi.

Seneti ikaenda mahakamani. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya jimbo ikampa gavana ushindi, majaji wanne kwa watatu. Wananchi nao wakajibu Aprili 1990: wakaongeza katika katiba kwamba gavana haruhusiwi kuunda neno jipya kwa kufuta herufi ndani ya maneno. Risser hakuridhika. Akamshitaki gavana katika mahakama za shirikisho, na mwaka 1991 mahakama ya rufaa ya Chicago ikamwambia haya ni mambo ya Wisconsin, kayamalizeni kwenu. Akarudi nyumbani na kesi nyingine, ambayo leo wanafunzi wa sheria wa kule wanaisoma kwa jina lake, Risser dhidi ya Klauser, huyu Klauser akiwa mkuu wa idara ya utawala ya gavana. Safari hii gavana hakufuta. Alikata tarakimu na kuandika yake ndogo zaidi mahali palipohusu ukomo wa kukopa. Mwaka 1997 mahakama ikasema gavana anaweza kuandika tarakimu ndogo pale tu ambapo tarakimu hiyo yenyewe ni fedha iliyoidhinishwa kutumika, na si kwingineko. Risser akashinda.

Nimekaa sana hapa kwa sababu hapa ndipo ninapoiona thamani ya mtu kukaa muda mrefu. Hakuna mpiga kura anayekupa kura kwa sababu umebishana na gavana kuhusu maana ya neno "sehemu". Hakuna barabara inayojengwa, hakuna zahanati ya kukatia utepe. Kazi hiyo huifanya mtu aliyekuwapo gavana aliyepita alipoanza mchezo, na ambaye anajua atakuwapo gavana ajaye atakapoujaribu tena. Na kweli ulijaribiwa tena. Mwaka 2005 Gavana Jim Doyle, wa chama cha Risser mwenyewe, alipita juu ya maneno 752 ya bajeti akabakiza 20, yakasimama kama sentensi moja iliyohamisha dola milioni 427 kutoka mfuko wa barabara. Ikabidi katiba ibadilishwe tena mwaka 2008, kwamba usiunganishe vipande vya sentensi mbili kutengeneza moja.

Mambo mengine nitayapitia mbiombio. Alikaa miongo mingi kwenye tume ya majengo ya jimbo, na jengo la bunge lilipofanyiwa ukarabati mkubwa miaka ya 1990 alikuwa miongoni mwa waliolisimamia. Jengo lenyewe lilikamilika 1917. Kuba lake ni la mawe ya matale, na juu yake amesimama mwanamke wa shaba iliyopakwa dhahabu, kofia yake ina mnyama wa jamii ya nyegere. Sijui kwa nini hilo huwafurahisha sana Watanzania ninaowaonyesha picha. Alibeba pia kwa miaka mingi vita vya kupiga marufuku uvutaji sigara ndani ya majengo, katika jimbo ambalo baa ni kama baraza ya kijiji. Sheria iliyozifikia hata baa na migahawa ilitiwa saini Mei 2009, ikaanza kazi tarehe 5 Julai 2010. Alikuwa na miaka 83.

Na miezi saba baadaye akatoroka.

Naam, Februari 2011. Mimi nilikuwa Madison wakati huo, mwanafunzi mwenye koti la mtumba lisilotosha ile baridi. Gavana mpya, Scott Walker, alileta muswada wa kuwanyang'anya wafanyakazi wengi wa umma haki ya kujadiliana mikataba kwa pamoja kupitia vyama vyao. Polisi na zimamoto waliachwa. Seneti ilikuwa na viti 33: Republican 19, Democratic 14. Hesabu hiyo haina utata, wenye 19 wanashinda. Lakini kwa muswada unaogusa fedha, akidi ya Seneti ni theluthi tatu za... samahani, tatu ya tano ya wajumbe, yaani 20. Wao walikuwa 19. Walihitaji mwili mmoja tu wa upande wa pili ukumbini, hata ukiwa umelala.

Tarehe 17 Februari miili yote 14 ikavuka mpaka kuingia Illinois, Risser akiwamo, mzee kuliko wote. Polisi wa jimbo walitumwa kuwatafuta, lakini mamlaka yao yalikoma mpakani. Hapa Bunge letu akidi ni nusu ya wabunge wote, kwa hiyo mkisusa wachache mnakuwa mmejipunguzia posho tu. Kule tofauti ya mtu mmoja ilisimamisha muswada wa gavana kwa wiki tatu.

Niliingia lile jengo usiku mmoja. Milango huwa wazi kwa umma, hukaguliwi. Chini ya kuba watu walikuwa wanapiga ngoma kwenye ndoo za plastiki, walimu na wanafunzi wao, wauguzi, wafagiaji. Watu wamelala kwenye marumaru, soksi zimeanikwa juu ya uzio wa ngazi. Piza zinaletwa maboksi kwa maboksi, zimelipiwa kwa simu na watu wa nchi za mbali wasiojuana. Niliuliza mama mmoja aliyekuwa ananigawia kipande, maseneta watarudi lini? Akaniambia, na kinywa kimejaa, muulize Fred, yeye ndiye anayezijua kanuni.

Walishindwa. Tarehe 9 Machi Republican wakayang'oa ya fedha kutoka kwenye muswada, sharti la 20 likaanguka, wakaupitisha kwa kura 18 kwa 1 bila wale 14 kuwapo. Tarehe 12 wakarudi, mitaa imejaa watu wakiwashangilia kama timu iliyotwaa kombe. Mimi niliona kinyume: zile kanuni alizozisoma miaka yote hiyo, wapinzani wake nao walikuwa wamezisoma.

Nisije nikaonekana nimekuja kumsifu mzee wa watu. Madison ni ngome ya Democratic. Ukishapata kiti hicho na usipofanya la aibu, hakuna wa kukutoa. Wisconsin haina ukomo wa mihula. Ina maana kuna vijana wa Madison waliozaliwa, wakasoma, wakastaafu, seneta wao akiwa yule yule. Majimbo 16 ya Marekani yameweka ukomo kwa wabunge wao. California walianza 1990, na wengi walikuwa wanamlenga Spika Willie Brown. Hoja ya ukomo si ya kijinga. Kilichotokea baadaye ni kwamba wabunge wapya wanaingia hawajui choo kiko wapi, na wanaowaonyesha ni washawishi wa kulipwa, ambao wao hawana ukomo wa mihula.

Na kukaa sana hakumfanyi mtu kuwa Risser. Kule Illinois walikokimbilia wale 14, Spika alikuwa Michael Madigan. Aliingia bunge la jimbo lake 1971, akawa Spika kwa miaka 36. Naye alizijua kanuni, huenda kuliko Risser. Alitoka Februari 2021, wiki chache baada ya mwenzake wa Wisconsin. Februari 2025 baraza la wazee wa mahakama likamtia hatiani kwa makosa ya rushwa na ulaghai, na Juni akahukumiwa miaka saba na nusu jela. Tofauti mojawapo ninayoiona, na mnaweza kunibishia, ni nyundo: ya Madigan haikuondoka mkononi isipokuwa miaka miwili. Ya Risser ilikuwa inachukuliwa kila mara, na akirudi kiti cha nyuma anakuta faili zake zilipo.

Mwisho, dada, njoo tena na dasta. Naandika mwaka wa fedha: 2024-25. Futa 20, futa na kistari. Imebaki nini?

"2425."

Mwaka 2023 Gavana Tony Evers, Democratic, alifanya hivyo hivyo kwenye bajeti. Nyongeza ya dola 325 kwa kila mwanafunzi ambayo bunge liliipitisha kwa miaka miwili ikawa ya kila mwaka mpaka mwaka 2425. Yale mabadiliko ya katiba ya 1990 na 2008 yalikataza kuunda neno na kuunganisha sentensi, tarakimu hazikutajwa. Aprili 2025 mahakama ikasema ni halali, wanne kwa watatu, kama 1988. Eneo la 26 sasa lina seneta mwingine, Kelda Roys, na Risser hakuwapo tena Seneti kusimama na kusema jambo hili tumeshawahi kuliona.

Haya, maswali. Ila dasta yangu irudi kwanza.